Sinema Alizotufasiria Kipaza

Tarehe 6 Machi. Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke.

Kwako mdogo wangu, fundi wa cherehani na mlinzi wa nyumba yetu,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na kaka yetu mkubwa, Kipaza. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo kila asubuhi yanataka kubembelezwa kama watoto wasiotaka shule. Baridi imeanza kulegea. Mjane wa upande wa pili wa ukuta ametoka hospitali na tayari amegonga ukuta mara kadhaa, akidai televisheni yangu inapiga kelele. Mimi naiona iko chini kabisa. Simu yangu bado ni mbovu, inakwaruza tu, kwa hiyo usihangaike kupiga. Tuendelee na barua.

Ile maktaba nilikojalidi vitabu mpaka nikastaafu inaondoa diski zake za sinema za zamani. Walizipanga kwenye makasha mlangoni, mwenye kutaka achukue. Nilirudi nyumbani na mfuko uliojaa. Sasa kila alasiri natazama moja, nikisoma maandishi yanayopita chini, maana sinema nyingi ni za lugha za mbali na maandishi ndiyo yako katika lugha ya huku, ninayoisoma bila kukwama.

Nusu yake ni zile zile za ukumbi wetu! Nakueleza kana kwamba umesahau, lakini ni mimi ninayependa kukumbuka: Kipaza juu ya kiti kirefu kando ya pazia, kipaza sauti mkononi, sinema ikisema lugha asiyoijua mtu yeyote, na yeye akitufasiria neno kwa neno, sauti ya mwanamume, sauti ya bibi, sauti ya farasi. Mvua ikipiga bati, aliiingiza mvua kwenye hadithi.

Wiki hii nimeona "Daktari Asiyelala". Unakumbuka tulivyolia? Daktari amemtilia mkewe sumu, na sasa usingizi umemkimbia. Basi nikwambie, mdogo wangu. Hakuna sumu. Hakuna hata mke. Daktari halali kwa sababu jirani yake wa juu anapiga kinanda. Ni sinema ya kuchekesha. Kwa maoni yangu si mbaya, ingawa mwigizaji anakodoa macho kupita kiasi na mwisho wake umefanywa haraka, kama watu waliokumbuka wana basi la kuwahi.

Muulize Kipaza sumu aliitoa wapi.

Wako,
Kaka


Tarehe 2 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa na kona moja iliyolowa, lakini maneno yote yanasomeka. Sisi wazima. Huu ni msimu wa sare za shule, nimezungukwa na kola mpaka naziota. Binti yangu yuko kazini kule hospitali ya mji wa pili, anakuja mwisho wa wiki. Kuhusu simu usijali hata kidogo. Mimi mwenyewe siipendi, mtu anasema "haloo, haloo" mpaka habari zenyewe zinamtoka kichwani.

Nimemsomea Kipaza barua yote, akiwa kwenye kiti chake cha dirishani. Anasema hivi, na bado anakuita kwa jina lile la utani: "Mwambie Bwana Herufi, watu waliacha kazi zao waje kulia. Mpiga kinanda hamlizi mtu." Haya, umejibiwa.

Na mimi natazama, usidhani ni wewe peke yako. Juzi kwenye televisheni wameonyesha moja ya kale ya malkia anayepigana na ndugu zake. Mapanga, farasi, mishumaa kila mahali. Malkia akageuka, na mgongoni ana zipu! Kaka, zipu! Nilicheka peke yangu mpaka nikajichoma sindano. Na lile joho la mfalme limekatwa na mtu anayemchukia mfalme, bega moja huku, bega lingine kule. Hadithi yenyewe sikuifuata. Sina haja na watu wanaouana wakiwa wamevaa vibaya.

Sasa nisikilize. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Kitanda nimekitoa nje, nimekipigilia misumari, nimekirudisha. Waliokufukuza hapa wamekwisha wote. Wa mwisho alizikwa mwaka juzi, nami ndiye niliyemshonea mjane wake nguo ya msiba. Ile mashine ya kuchapa mliyochapia makaratasi yenu hata vyuma chakavu hawaitaki. Hakuna wa kukuuliza kitu. Njoo, Kaka. Na kama unakuja, njoo mapema.

Nimebadilisha balbu ya mlangoni. Hizi za siku hizi hazidumu.

Mdogo wako


Tarehe 25 Aprili. Bado mwaka wa thelathini na nane.

Mdogo wangu,

Habari za zipu zimenivunja mbavu, na ni nadra sasa. Nimefurahi kusikia kuwa wote mu wazima. Huku miti ya barabarani imetoa majani, na mjane amenipa sahani ya vitumbua vya kwao ambavyo havina ladha ya kitu chochote, nikamshukuru sana. Chumba umekipaka rangi gani? Hukusema.

Jana nimeona "Mwanamke wa Koti la Kijivu".

Nilijua tangu picha ya kwanza kuwa ndiyo. Kwa lile koti. Ila ule mshono uliopita katikati ya pua yake sikuuona, nikakumbuka kwamba mshono ulikuwa wako: pazia la ukumbi lilikuwa mashuka mawili uliyoyaunga wewe, na kila mwigizaji duniani alikuwa na kovu usoni. Bila mshono yule mwanamke ni mzuri zaidi, lakini nilimwona mgeni.

Kwa ujumla ni sinema nzito, inayojiamini mno. Wanatembea sana. Kuna dakika nyingi za madirisha. Mwanamume si mwigizaji wa kusifiwa, ila ana namna ya kushika kofia inayokuambia yote. Kisha tunafika stesheni. Treni imesimama, yeye yuko mlangoni, mwanamke anamuuliza, "Utarudi?"

Unakumbuka alichojibu. Mji mzima ulikikumbuka. "Nitarudi. Usizime taa ya mlangoni." Watu walisimama juu ya mabenchi wakapiga makofi, na Kipaza aliinua mkono kama yeye ndiye mwenye treni.

Nilisoma maandishi ya chini. Nikarudisha nyuma, nikasoma tena. Yule mtu anasema neno moja tu. "Sitarudi."

Halafu treni inaondoka, mwanamke anafunga kifungo cha koti, na sinema imekwisha.

Nilizima televisheni nikakaa. Maana unajua, mdogo wangu, siku ile kwenye kituo cha mabasi, mimi na begi moja, wewe uliniuliza swali lile lile. Nami nikachukua jibu lililokuwa karibu, lile la Kipaza. Kipaza alikuwa amesimama nyuma yako. Alicheka, akageuka kando.

Nakutumia diski yenyewe. Muulize, na safari hii anijibu kwa urefu: alijua yule mtu alisema nini? Alibadilisha kwa makusudi, au hakuelewa akabuni? Kwangu hayo ni mambo mawili tofauti.

Kaka


Tarehe 19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Sare zilinizidi, kisha cherehani ikakata mkanda, kisha nikaugua mafua. Chumba ni rangi ya maziwa. Diski imefika salama ila mashine ya kuichezea haifanyi kazi, mpaka binti yangu aje.

Kipaza ameisikia barua yako. Nimeandika anavyosema, kama ulivyotaka, kwa urefu:

"Bwana Herufi, mimi nilielewa kidogo na kingine nilikisia. Sinema ile ilikuwa ndefu, pindo linaburuzika chini. Nikalikunja, nikalishona upya ili iwakae watu vizuri. Hadithi ikimbana mtu kifuani haivaliki. Kama nilikukosea naomba radhi. Njoo tuitazame pamoja."

Ndivyo anavyosema. Na mimi nasema hivyo hivyo, njoo muitazame pamoja. Hiki chumba kinaanza kunuka upweke kabla hakijalaliwa.

Wiki iliyopita nimeona nyingine ya kale, ya hakimu anayebeba saa kubwa mfukoni na kuitazama kabla ya kila hukumu. Sikuipenda. Mfuko wenyewe umeshonwa mahali ambapo saa ingeanguka hatua ya pili, na hakuna aliyeliona hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Ila mama yake hakimu aliigiza vizuri, nilimfikiria mama yetu, ule ule mdomo wa kubana.

Hujanijibu kuhusu kuja. Nimesoma barua yako tena na tena nikitafuta.

Mdogo wako


Tarehe 8 Julai. Mwaka ule ule.

Mdogo wangu,

Salamu za kawaida zichukulie zimesemwa. Mimi mzima. Rangi ya maziwa ni nzuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa penseli mkononi, kama nilivyokuwa nikisoma kurasa kabla hazijaingia mtamboni. Tabia haiishi.

Pindo, kukunja, kushona upya, kubana kifuani, kuvalika. Kaka yetu huyo ninayemjua hajawahi kushika sindano. Kifungo kikimtoka alikuwa anafunga shati kwa waya. Angesema, "Sinema ilikuwa imepoa nikaipasha moto," au angesema, "Wewe uliyeelewa ulikuwa wapi siku hiyo?" Na kuomba radhi! Kipaza hajawahi kumwomba radhi mtu yeyote, hata yule kuku aliyemkalia. Kuku alikufa, na yeye akamlaumu kwa kulala kitini.

Maneno yale ni ya mshonaji. Nayapenda, usifikiri nakukaripia. Lakini nauliza: ni nani anayezungumza nami tangu Aprili?

Mpe kalamu. Aandike mstari mmoja kwa mkono wake, hata wa kunitukana. Hasa wa kunitukana.

Wiki hii sijatazama sinema yoyote.

Kaka


Tarehe 30 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Nitaandika moja kwa moja maana mzunguko umenichosha.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa nane, asubuhi. Kipaza alikuwa anavaa shati. Alifunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu mkono ukakataa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu, kisha akateleza chini polepole, kama nguo inayotoka kwenye kamba. Kiharusi. Kimechukua upande wa kulia wote, na ulimi. Tangu siku ile hajatamka neno. Kalamu unayotaka nimpe, mkono wenyewe haushiki kijiko.

Sikukuambia. Nilisema atapona kidogo kwanza, nitamwambia Kaka habari ikiwa na mwisho mzuri. Kisha ikaja barua yako ya sumu na daktari. Nikamsomea. Alifungua mdomo, Kaka. Niliona anataka kujibu, jibu limejaa machoni. Nikalisema nilivyodhani, lile la mpiga kinanda, nikaliandika, nikamsomea. Akagonga mkono wa kiti kwa kidole cha kushoto, mara moja, vile alivyokuwa akigonga kipaza sauti watu wanyamaze. Nikajua ameliridhia.

Lile la pili, la pindo, nilimsomea pia. Hakugonga. Nikalituma hivyo hivyo kwa sababu nilitaka uje.

Sasa diski. Binti yangu ameitengeneza mashine. Tumemkalisha Kipaza mbele, mto nyuma ya mgongo. Nilikuwa simtazami yule mwanamke wala koti lake, ingawa ni koti lililoshonwa kwa heshima, hilo nalikubali. Nilikuwa namtazama yeye. Midomo ilikuwa inatembea. Bila sauti, lakini inatembea na kila mtu kwenye picha, mwanamume, bibi, konda wa treni, hakuruka hata mmoja. Miaka yote hiyo, na bado anayo yote.

Tukafika stesheni. Mwanamke akauliza. Mwanamume akajibu neno lake moja, fupi, akanyamaza. Midomo ya Kipaza ikaendelea, maana maneno yake yeye yalikuwa marefu zaidi.

Basi nikayasema mimi kwa sauti. "Nitarudi. Usizime taa ya mlangoni." Akagonga kiti.

Kama alielewa ule mwaka au alibuni, sijui, na sasa hatutajua. Lakini angesema vile vile tena. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Hawezi kuongea lakini anasikia kila kitu. Akisikia gari linasimama nje anageuza shingo. Njoo uongee naye, Kaka. Wewe sema, yeye atagonga. Daktari hasemi wazi, lakini binti yangu ni mwuguzi na ameacha kunitania.

Mdogo wako


Tarehe 17 Oktoba. Mwaka wa thelathini na nane, na unakaribia ukingoni.

Mdogo wangu,

Asante kwa kuandika. Najua uliandika ukiwa na cherehani kimya.

Na mimi nina langu. Simu yangu haina ubaya wowote. Ni masikio. La kushoto lilikufa zamani, la kulia linafuata. Nasikia mlango ukifungwa kwa hasira, nasikia lori, si zaidi. Mjane anapogonga ukuta siusikii ugongaji, naona picha yangu ya ukutani ikitikisika. Ndiyo maana nimezipenda hizi sinema. Humo kila mtu akifungua mdomo, maneno yake yanaandikwa chini, yamepangwa vizuri, na yanakaa kidogo kabla ya kwenda. Hakuna mahali pengine ninapotendewa hivyo.

Kwa hiyo fikiria: nyumba moja, kaka anayesikia asiyeweza kusema, na kaka anayesema asiyeweza kusikia, na wewe katikati ukimshonea kila mmoja nusu yake. Kipaza angeiuza hiyo kwa wiki tatu, ukumbi umejaa.

Hujaniuliza tena kama nakuja, umesema tu nije. Nipe muda kidogo.

Sehemu hii msomee yeye, taratibu, ukimwangalia:

Kaka, shikamoo. Ni mimi, Bwana Herufi. Nimeiona "Mapacha wa Mgodini". Ulituambia ni ndugu wawili, mmoja mwema na mmoja mwovu, na mwema anapotea chini ya mgodi na ndugu yake anamtafuta mpaka mwisho. Tulimsubiri mwema atoke, tukatoka sisi ukumbini yeye bado yumo ndani. Kaka, si mapacha. Ni mtu mmoja. Alinyoa ndevu katikati ya sinema, basi. Anatafuta mbwa wake.

Yako ilikuwa bora. Nimezitazama zote sasa, nikiwa na maandishi, nimetulia, hakuna anayekohoa wala anayelia nyuma yangu, na nakwambia bila kukupamba: zako zilikuwa bora. Kinanda, mbwa, hakuna cha maana. Wewe ulitupa watu wa kuwalilia.

Sikuulizi tena kama ulielewa. Wakati ule kituoni nilihitaji maneno, na yako ndiyo niliyokuwa nayo.

Sasa mwangalie. Amegonga?

Kaka


Tarehe 12 Desemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole, na mimi unipe pole. Kipaza ametutoka. Ilikuwa mwisho wa Novemba, mchana, mvua inapiga bati. Nilikuwa napima suruali ya mtu, nikageuka kumwambia kitu cha kipuuzi kuhusu kiuno cha huyo mtu, nikakuta nasema peke yangu.

Barua yako ilimkuta. Nilimsomea mpaka pale pa mbwa, mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa, kumbe ni kicheko. Nikamaliza kusoma. Ndiyo, aligonga. Kisha akagonga tena, sijui ya pili ilikuwa ya nini. Nilimuuliza, akafumba macho.

Walikuja watu wengi kumzika, wazee wenzetu na fimbo zao, watu wa ule ukumbi, ambao sasa ni ghala la matairi. Walikaa uani wakigombana. Mmoja anasema daktari alimtilia mkewe sumu kwenye chai, mwingine anasema mwongo wewe, ilikuwa kwenye supu. Sikuwaambia kitu. Mmoja akaniuliza, "Na yule mdogo wake, Bwana Herufi, yuko wapi?" Nikasema uko njiani. Nisamehe, lilinitoka. Ni tabia ya nyumba hii.

Walipotaka mtu wa familia aseme neno kaburini, hakukuwa na mwingine. Nilisimama mimi. Nikaona wote wananitazama, nikagonga kitako cha mkoba wangu kwa kidole, mara moja, bila kufikiri. Wazee walielewa. Walilia kuliko siku zote.

Sasa niko peke yangu humu. Binti yangu anataka nihamie kwake, mimi nasema ngoja. Usiku nasikia vyumba. Kiti chake sijakiondoa dirishani.

Balbu ya mlangoni imeungua tena na safari hii sijaweka nyingine. Miaka yote nimekuwa nikinunua balbu bila kujiuliza. Sikukasirikii, Kaka. Ila nimechoka kutokujua. Nakuuliza kama nilivyokuuliza kituoni, na safari hii usinipe maneno ya Kipaza, kwa sababu Kipaza hayupo na mimi naweza kuyasema mwenyewe.

Utarudi?

Mdogo wako


Tarehe 9 Januari. Mwaka wa thelathini na tisa tangu niondoke.

Mdogo wangu,

Pole. Barua yako niliisomea jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Mjane alinikuta hivyo. Hajui neno la lugha yetu, aliweka mkono juu ya karatasi, akaenda kuchemsha maji. Mimi mzima wa mwili. Theluji imeanguka siku tatu, na kila kitu nje kiko kimya kwa wote, si kwangu tu.

Nimezirudisha diski maktaba, zote isipokuwa ile moja uliyo nayo. Walishangaa. Walisema hawazihitaji. Nikasema hata mimi.

Sina udhuru wa kukupa. Daktari hajanikataza kusafiri. Hakuna anayenitafuta. Chumba kina rangi ya maziwa na kitanda kimepigiliwa misumari, na najua ni kazi ya mikono yako, hakitatikisika. Kwa miaka mingi nilikuwa nasema nitakuja mambo yakitulia, nikawa naishi hapa kama mtu aliye kwenye benchi la kituo, bila kupigilia kitu ukutani ila ile picha ya mama. Mambo yametulia. Nikatafuta ndani yangu yule mtu aliyekuwa anataka kuja, nikaita, na sikusikia kitu, na safari hii si masikio.

Nimejiwazia mlangoni kwako. Nimewaza wewe, na binti yako, na wale wazee wa fimbo, mmekaa mnanizunguka. Mnafurahi. Midomo yenu yote inatembea, kwa lugha niliyozaliwa nayo, na chini hakuna maandishi. Zamani tungemgeukia mtu mmoja juu ya kiti kirefu. Nyumba ninayoikumbuka, mdogo wangu, ni yeye aliyenisimulia, na nadhani hata kuirudia aliniahidia yeye. Mimi niliazima tu sauti yake.

Nenda kwa binti yako. Uchukue cherehani, na kiti cha dirishani ukitaka. Uniandikie, nami nitajibu kila mara, kwa wakati, na bila simu mbovu. Nataka kujua unatazama nini na nani kavaa vibaya.

Uliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikujibu kwa uzuri, na ukanunua balbu miaka thelathini na minane. Sasa hakuna wa kunifasiria, nakujibu kama yule mwenye kofia alivyojibu.

Usiweke balbu nyingine. Sitarudi.

Kaka yako